Mwanao anapotaka kusomea filamu au sauti: Mambo ya kujua kabla ya kusema hapana

"Baba, nataka kusomea sauti."

"Sauti? Unataka kuwa mwimbaji?"

"Hapana, baba. Kurekodi. Sauti za filamu."

"Sauti nayo inasomewa, mwanangu?"

Mazungumzo ya namna hii si mageni sebuleni baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. Mzazi alishapanga ualimu, uuguzi au uhasibu. Mtoto naye anataja kozi ambayo hakuna shangazi wala mjomba aliyewahi kuisoma. Hofu ya mzazi ina sababu: ada ni ya kuungaunga, na hakuna anayetaka kumsomesha mtoto kisha amwone amekaa kijiweni na kamera shingoni.

Lakini jibu la hapana linalotolewa bila kuijua kazi yenyewe linaweza kumgharimu mtoto kama ndiyo ya haraka.

Si uigizaji peke yake

Wazazi wengi wakisikia filamu, wanachowaza ni sura ya mwigizaji. Nyuma ya sura hiyo kuna kundi kubwa la watu: mwongozaji, mtayarishaji, mwandishi wa mswada, mpiga picha, fundi taa, mnasa sauti, mbunifu wa mavazi, mpambaji wa uso, mhariri wa picha na mchanganya sauti. Jina lao hupita haraka mwishoni mwa filamu, wakati watazamaji wameshaanza kuinuka.

Sauti peke yake ina ufundi wake. Sekunde moja ya filamu kwa kawaida ina picha 24, na sauti isipolingana na midomo ya waigizaji, mtazamaji anabaini mara moja. Mnasa sauti hufika eneo la kazi mapema kusikiliza. Anauliza jenereta liko wapi, jogoo wa jirani anawika saa ngapi, bati litapiga kelele jua likipanda. Wenzake wakimaliza tukio, yeye huwaomba wote wanyamaze kwa nusu dakika au dakika nzima ili arekodi ukimya wa chumba kile. Ukimya huo ndio mhariri atautumia kuziba mapengo kati ya maneno.

Chukua mfano wa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Canada, mwaka 2021. Hadithi yake ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950. Muungurumo mmoja wa bodaboda ungetosha kuiharibu. Mtu wa kuuzuia ni yule aliyevaa spika za masikioni ambaye hakuna anayemjua jina.

Wapi wanasoma

Kwa Tanzania, jina mojawapo linalojulikana katika mafunzo ya sanaa ni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha filamu na televisheni kwa ngazi ya shahada, chini ya idara yake ya sanaa bunifu. Jirani, Nairobi, kuna Kenya Institute of Mass Communication, chuo cha serikali kilichofundisha mafundi wengi wa redio, televisheni na filamu.

Kwa mhitimu wa kidato cha nne, njia ya kawaida ni astashahada na kisha stashahada, na vyuo vingi vya ngazi hiyo huanza na sharti la kufaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi ahakikishe chuo kimesajiliwa na NACTVET, au kinatambuliwa na TCU kama kinatoa shahada, na kwamba kozi yenyewe imo kwenye orodha. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa uandishi wa habari lakini kisiwe na kibali cha kufundisha filamu.

Kisha aende akaone kwa macho. Swali la maana si chuo kina kamera ngapi, ila mwanafunzi anaishika mara ngapi kwa wiki. Wanafunzi 40 wakigombea kamera moja, wengi wao watamaliza wakiwa na madaftari yaliyojaa na mikono isiyozoea kazi.

Kuanzia chini si aibu

Kabla ya Lupita Nyong'o kushinda Oscar mwaka 2014, aliwahi kuwa mmoja wa wafanyakazi wa nyuma ya kamera katika The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 nayo ilitokana na mpango wa mafunzo ambapo vijana walijifunza kila mmoja idara yake, kisha wakaitengeneza filamu yenyewe pamoja na walimu wao.

Ndivyo kazi hii inavyoingiwa. Miaka ya mwanzo kijana hubeba nyaya, hushika mlingoti wa maikrofoni hadi mabega yawake moto, hulinda vifaa usiku. Malipo mara nyingi ni ya deiwaka, siku kwa siku, na kuna miezi isiyo na simu hata moja. Mzazi aliyezoea mshahara wa tarehe 25 huona huo ni uzururaji.

Hata hivyo kazi haiko kwenye filamu tu. Kuna harusi, send-off na kipaimara. Kuna matangazo ya biashara, video za mashirika, kwaya na kaswida, redio za mikoani, na tamthilia za Kituruki zinazohitaji kuingizwa sauti za Kiswahili. Kijana anayejua kuhariri vizuri na kufika kwa wakati huanza kuitwa tena. Kuitwa tena ndiyo dalili ya kwanza kwamba kazi imekubali.

Yanayowatia wazazi hofu

Hofu kubwa, hasa kwa wenye mabinti, ni usalama. Kazi huisha saa nane za usiku, safari ni za ghafla, na wapo wanaoahidi nafasi kwa kudai mwili. Huko si kupanda ngazi, ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono, na TAKUKURU inapokea taarifa kwa namba 113. Binti anayejua kwamba nyumbani ataaminiwa atasema mapema. Aliyeambiwa "tulikukataza" atanyamaza.

Hofu ya pili ni kudhulumiwa. Vijana hukubali kazi kwa maneno, kisha mwenye kazi hapokei simu. Karatasi moja inatosha: kazi gani, siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na nani mmiliki wa picha na sauti.

Ya tatu husahaulika: masikio. Sauti ya desibeli 85 kwa saa nane ndiyo mpaka unaotumika sana kwa mtu kazini, na studio au ukumbi wa harusi unaweza kuupita. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Mtaji wa fundi sauti ni masikio yake.

Mzazi afanye nini

• Aombe kuona kazi. Mtoto mwenye nia ya kweli atakuwa ameshatengeneza kitu kwa simu, hata cha dakika mbili. Asiye na chochote apewe miezi mitatu ya likizo atengeneze.

• Asikimbilie kununua kamera ya gharama. Kompyuta inayoweza kuhariri na diski ya kuhifadhia kazi huja kwanza.

• Wakubaliane muda. Kwa mfano, miaka miwili baada ya chuo, kisha wakae chini waangalie kazi zilizopatikana.

• Amjue mwalimu wake na angalau mtu mmoja anayefanya naye kazi, na namba zao ziwe nyumbani.

• Amsisitizie hesabu na Kiingereza. Bajeti za filamu na maelekezo ya programu nyingi za kuhariri vinahitaji vyote viwili.

Na siku kijana atakapoleta kazi yake ya kwanza, pengine video ya harusi ya jirani, familia ikae iitazame hadi mwisho. Majina yakianza kupita, asiinuke mtu. Hapo ndipo jina lake lilipo.