Mulika Mwizi na Betri Iliyoizidi Umri

Kwetu Mshomoroni, Mombasa, redio ndiyo iliyokuwa ikijua kwanza. Jioni mama akikanda unga wa mahamri, taarabu ikiendelea, mara spika yaanza kukatakata: tr-tr-tr, tr-tr-tr. "Chukueni simu hiyo," mama husema bila kugeuka, na simu yenyewe iko juu ya kabati, kimya. Tunahesabu moja, mbili, ndipo inalia. Nilipokuwa mdogo niliamini redio yetu ina kipaji. Baadaye nilijifunza sababu, na sababu ile ilinifurahisha kuliko kipaji.

Je, wajua redio ilikuwa ikisikia nini? Simu ya mtandao wa GSM haisemi na mnara mfululizo. Njia moja ya mawimbi hugawiwa simu nane kwa zamu, kama watu wanane waliopanga madumu kwenye bomba moja. Kila simu hupata nafasi isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hufyatua yake, hunyamaza mpaka wenzake saba wamalize, kisha hufyatua tena, na mzunguko huo hujirudia mara 217 kwa sekunde. Sikio halisikii mawimbi ya simu, lakini nyaya za spika huyanasa mafungu yale yanayokuja na kukatika, zikayageuza kuwa mngurumo. Na redio ilitangulia kwa sababu simu hailii mpaka iwe imeitika: mnara huita, simu hujibu kwamba ipo, hujitambulisha, hupewa njia, ndipo kengele hupigwa. Tulikuwa tukisikia mazungumzo hayo mafupi kabla shangazi wa Likoni hajasema hujambo.

Simu yenyewe ilikuwa Nokia 1100, ambayo Wakenya waliiita mulika mwizi. Tanzania simu za namna hiyo huitwa kitochi. Jina letu limeundwa sawa na Shika Adabu, ule mtaa wa Likoni: kitenzi cha amri, na baada yake jina, basi. Mtengenezaji aliipa nambari. Watu wakaipa kazi. Na kazi waliyoichagua haikuwa kupiga wala kupokea. Walitazama kile kitaa cha kichwani, wakaona hapo ndipo mtu amewafikiria.

Nokia iliitangaza 1100 mwezi wa Agosti 2003. Umbo lake lilichorwa California na mbunifu mwenye asili ya Bulgaria, Mehandjiysky, na waliolengwa walikuwa wanunuzi wa nchi kama yetu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Mwaka 2005 Nokia ilipofikisha simu yake ya bilioni moja, simu hiyo ilikuwa 1100, na iliuzwa Nigeria. Ilikuwa na uzito wa gramu 86. Ilihifadhi majina 50. Haikuwa na kamera, haikuwa na redio, haikuwa na intaneti, na kioo chake hakikuwa na rangi. Leo mtu akiisoma orodha hiyo ataona mapungufu matupu. Mimi naisoma kama orodha ya mambo ambayo mtu alikaa akayapima na kuyakataa, ili machache yaliyobaki yafanye kazi sawasawa.

Anza na tochi. Ulishikilia kitufe cha C, na taa ndogo ya LED ikawaka. LED nyeupe kwa asili yake ni ya buluu: ndani mna kijipande cha fuwele kinachotoa mwanga wa buluu umeme ukipita, na juu yake pamepakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Jicho likipokea buluu na manjano kwa pamoja huona weupe. Nyekundu na kijani zilipatikana mapema, lakini buluu iliwasumbua wanasayansi miaka mingi mpaka kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura nchini Japani ilipozaa LED ya buluu yenye mwanga mkali, mwaka 1993. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kati ya maabara ile na mwanamke wa Mlaleo anayetoka alfajiri kwenda stejini huku amemulika mtaro mbele yake, ilipita miaka kumi tu na kidogo.

Ile tochi ya balbu tuliyoizoea ilikuwa ikichoma waya mpaka ung'ae, na nguvu nyingi ya betri ikaishia kwenye joto. LED ndogo hutumia takriban miliampea 20. Betri ya 1100 ilikuwa ya miliampea-saa 850, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasini ingeweza kumulika zaidi ya saa 40. Tena LED nyeupe hutaka volti tatu na kitu, na betri moja ya lithiamu hutoa kama 3.7. Vitu hivyo viwili vilikutana kana kwamba vilichumbiana. Stima ilipopotea mwezi wa Ramadhani, daku lilipikwa kwa mwanga huo, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mtu aliyerudi usiku kutoka zamu ya bandarini Kipevu aliibana simu mdomoni, mkono mmoja kwenye kufuli na mwingine kwenye funguo.

Kioo nacho kina kisa chake, na hapa ndipo huwa nagombana na marafiki zangu wanaopima simu kwa wingi wa rangi. Simama saa saba mchana kwenye mteremko wa feri ya Likoni, jua la utosi, watu bega kwa bega, kisha jaribu kusoma ujumbe. Kioo cha rangi hujitengenezea mwanga wake na kushindana na jua, na jua halishindwi. Kioo cha 1100 hakishindani na mtu. Kina tabaka la fuwele za majimaji ambazo umeme kidogo huzigeuza, pengine zikapitisha mwanga, pengine zikauzuia, na nyuma yake mna kiakisi. Jua likiingia, laakisiwa na kutoka, na herufi nyeusi zabaki zimesimama palepale. Kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo unavyosoma vizuri. Taa ya nyuma ilihitajika usiku pekee, na ilijizima yenyewe.

Ndiyo maana Nokia iliweza kutaja hadi saa 400 za kukaa bila kuchajiwa, yaani zaidi ya siku 16, simu ikiwa imewashwa tu. Ilikuwa ikilala. Simu ya GSM isiyotumika hufungua sikio kwa vipindi kusikiliza kama mnara unaitaja, kisha hulala tena, na haina kingine cha kufanya hapo katikati. Simu ya leo haijui kulala hivyo. Ndani yake mna programu kadhaa zinazoamka kila wakati kuulizia habari ambazo mwenyewe hajaziulizia.

Wavuvi wa Timbwani walikwenda na mulika mwizi zao baharini zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mpaka Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017. Huko walikutana na mpaka usioandikwa popote majini. Mnara wa kawaida wa GSM humtumikia mtu hadi kama kilomita 35. Kikwazo hapo si udhaifu wa mawimbi, bali ni zile zamu nane. Aliye mbali sauti yake hufika imechelewa, na ikichelewa mno huangukia zamu ya mwenziwe, basi mnara hauipokei kabisa.

Sasa twende Magongo, Changamwe, kwa fundi. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chembe ikitua juu ya shaba na kupata maji ya hewani, umeme ukipita hapo shaba huliwa, na utaona kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Walioichora 1100 walijua vumbi na jasho: vitufe vyake vilikuwa kipande kimoja cha mpira kilichofunika uso, bila nyufa kati ya kitufe na kitufe, na ubavuni iliwekwa mpira ili isiteleze mkononi. Hata hivyo, miaka mitano ya Mombasa si mchezo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya fundi alipokuja mama mmoja na yake, imekufa ganzi.

"Mwanangu, hii bado yafaa ama niitupe?"

"Yafaa, mama. Imeingia chumvi tu. Keti hapo kivulini."

Kava likatoka kwa kidole gumba, skrubu chache, kisha mswaki na spiriti. Alisugua kwa mikono myepesi kama mtu anayemkosha mtoto masikio, akaianika juani, akairudisha. Ikawaka. Sikuwahi kuhudhuria kongamano lolote la teknolojia lililonifundisha kama dakika zile ishirini. Kifaa kinachofunguliwa kwa kidole humkaribisha kila mwenye udadisi, na mafundi wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaotengeneza simu kubwa za leo walijifunzia kwenye vile vidogo. Simu iliyogandishwa kwa gundi humfungia mlango kijana kama huyo. Jambo hilo laniuma kuliko bei.

Kuna kitu kingine ambacho wabunifu walikiona kwa kutembelea nyumba za watu. Kwetu simu ilikuwa moja na wenyewe watano. Mwaka 2007 Nokia ilileta 1200, ndugu mdogo wa 1100, ikiwa na nafasi ya vitabu vitano tofauti vya majina, kila mmoja na chake. Katika simu zote nilizowahi kushika, sijaona nyingine iliyokubali wazi kwamba simu yaweza kuwa mali ya ukoo.

Mwaka huohuo, Machi 6, Safaricom ilizindua M-Pesa, na hapo kisimu hiki kikapanda cheo. Je, wajua kwamba menyu ya M-Pesa haikukaa ndani ya simu? Ilikaa kwenye laini. Kadi ya SIM ni kompyuta ndogo yenye programu na siri zake; simu iliipa kioo na vitufe tu. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kununua simu mpya ili atume pesa. Mpakiaji wa Kipevu alibadilisha laini akabaki na mulika mwizi wake, na jibu likarudi kwa ujumbe mfupi, katika nafasi ya herufi 160. Mapinduzi hayo ya pesa ambayo dunia nzima huja kuyasoma Kenya yalipitia kwenye kioo cheusi na cheupe.

Umaarufu ulileta waigaji. Zikajaa sokoni simu za laini mbili zenye spika za kutikisa matatu, nyingine zikiwa zimebandikwa majina ya kampuni ambazo hazikuzitengeneza. Kila simu halali ina nambari ya IMEI ya tarakimu 15. Bonyeza *#06# uione yako. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 14 za mwanzo, hivyo nambari ya kubuni ovyo mara nyingi hujifichua yenyewe. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zizimwe, na zaidi ya milioni moja zilinyamaza. Mulika mwizi nyingi za zamani, zenye nambari safi, zilitolewa kwenye madroo zikarudi kazini.

Nimebakisha betri. Jina lake ni BL-5C. Agosti 2007 Nokia iliwatahadharisha wateja kuhusu milioni 46 kati yake, zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwamba zingeweza kupata joto kali zikichajiwa, na ikajitolea kuzibadilisha. Idadi hiyo ya fungu moja tu yakuonyesha betri hii ilivyoenea. Viwanda vingine vikaona kwamba betri ya umbo lile inapatikana kila duka, basi vikaanza kuchora vifaa vyao kuizunguka: tochi, spika ndogo, redio. Simu ilipoacha kutengenezwa, betri ilikuwa imeshapata nyumba nyingine.

Nilimtembelea mama juzi. Kioo cha 1100 yake kilikufa zamani, naye sasa ana mulika mwizi mpya zaidi. Juu ya kabati mna redio ya Kichina isiyozidi kiganja. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikakuta BL-5C, na ubavuni mwake mkwaruzo ninaoujua, maana niliufanya mwenyewe kwa kisu nikiwa darasa la sita. Tulikaa. Simu yangu ililia mara mbili pembeni ya redio na redio haikunguruma, kwa kuwa yatumia mtandao wa 3G, ambao haufyatui kwa zamu zile, hutuma mfululizo.

Mara taarabu ikakatika. Tr-tr-tr, tr-tr-tr. Mama hakugeuka. Alifuta unga mikononi, akapeleka vidole kwenye fundo la leso yake, akasubiri ilie.