Hurumzi: Mtaa Usioruhusu Upweke

Wewe na mwenzi wako mnapanga wikiendi Zanzibar? Ufukweni pazuri, hatubishi. Lakini tengeni asubuhi moja kwa ajili ya Hurumzi, mtaa mwembamba wa Mji Mkongwe ulio nyuma ya Beit el-Ajaib. Chini kuna maduka, juu wanaishi watu, na nguo zimeanikwa barazani kama kawaida.

Jina lina uzito
Wazee husimulia kwamba Hurumzi imetokana na maneno "huru mzee". Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, waliolipwa fidia ni wenye watumwa, si watumwa wenyewe. Inasemekana malipo hayo yalifanyika katika jumba moja la mtaa huu. Kwa hiyo unapopiga picha ya mlango mzuri, kumbuka utajiri ulioujenga ulitoka wapi.

Nyumba na adabu zake
Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake hauzidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: boriti ndiyo iliyoamua! Milango ya zamani zaidi ya Kiarabu ina kichwa kilichonyooka, ile yenye upinde juu imeathiriwa na Wahindi.

Nje kuna baraza za mawe. Mgeni wa kawaida anapokelewa hapo, kahawa inanyweka, habari zinapatikana, na faragha ya ndani inabaki salama. Halafu uchochoro ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kumpita jirani bila salamu. Wapenzi mnaoishi kwenye fleti mwaka mzima bila kujua jina la mlango wa pili, mpo?

Zinakufaje?
Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kupangishwa. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo nayo yakawa madogo. Nyingine zina warithi wengi, na kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe hela ya fundi. Mwaka 2000 UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, lakini orodha haizibi paa. Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili.

Adui mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti zinaoza. Ukipiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaanza kumomonyoka.

Mkitaka kupanga huku, msilewe na mlango wa nakshi. Pandeni juu mkague paa, gongeni boriti, ulizeni nani analipia matengenezo. Mkishahamia, kaeni barazani. Jirani ndiye atakayewaambia mapema kwamba ukuta wenu umeanza kupata ufa.