‘Hela ya soda’ wodi ya wazazi: Familia zinavyolipia kisicholipiwa

Ni saa nane usiku. Baba amesimama nje ya wodi ya wazazi, mkononi ana beseni lenye khanga mbili na chupa ya chai. Mkewe yuko ndani, uchungu umeshika kasi. Mhudumu anatoka, anamtazama, kisha anasema kwa sauti ya chini: “Baba, wenzako huwa wanatuachia ya soda.”

Hakuna aliyetaja rushwa wala bei. Lakini baba ameelewa. Hofu yake ni moja tu: asipotoa, mkewe ataachwa. Mkono unaingia mfukoni.

Kwa familia nyingi nchini Tanzania, hali hii si ngeni. Mwaka 1996, tume iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa kuchunguza kero ya rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba, iliitaja afya miongoni mwa huduma ambazo mwananchi wa kawaida hulazimika kutoa chochote ili apate haki yake. Tangu wakati huo majina yamekuwa mengi: chai, soda, vocha, kitu kidogo.

Maumivu si ya mfuko tu

Mwenye noti anamruka asiye nayo, hata kama hali ya asiye nayo ni mbaya zaidi. Huyo akirudi nyumbani, hurudi na somo: safari ijayo atachelewa kwenda hospitali, au atabaki kwa mkunga wa mtaani. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, au mtoto akipata malaria kali, saa chache za kuchelewa zinaweza kuondoa uhai.

Wanaumia pia wauguzi waadilifu, ambao ni wengi. Muuguzi aliyekesha na wazazi kadhaa peke yake bila kuomba senti huchafuliwa jina na mwenzake mmoja.

Ada, upungufu au rushwa?

Si kila hela inayotajwa hospitalini ni rushwa. Mzazi akijua tofauti, hataogopa wala hatamwonea mtu.

Ya kwanza ni ada halali. Hulipwa dirishani au kwa namba ya malipo ya serikali, na mlipaji hupewa risiti. Hata hivyo, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa ada kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5. Kabla ya kulipa, uliza: “Huduma hii haina msamaha?”

Ya pili ni upungufu. Wakati mwingine glovu, pamba au dawa zimekwisha kweli, na familia inaambiwa ikanunue. Omba uandikiwe cheti, nenda duka la dawa mwenyewe, chukua risiti. Kagua na boksi. Dawa za Bohari ya Dawa (MSD) kwa ajili ya vituo vya umma huwekwa alama ya GOT. Dawa yenye alama hiyo haipaswi kuuzwa katika duka la mtu binafsi. Ukiikuta huko, huenda imefika kwa njia za panya.

Ya tatu ndiyo rushwa. Haina dirisha wala risiti, na huombwa kwa mnong’ono.

Na ‘asante’ je?

Wapo wanaosema wao hawahongi, wanashukuru. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawagusa anayetoa na anayepokea, na haijali kama kimetolewa kabla ya huduma au baada yake kama zawadi. Isitoshe, mhudumu aliyezoea asante za wazazi watatu humwona wa nne kama mdaiwa. Shukrani isiyo na madhara ni kumsifia kwa jina mbele ya mganga mfawidhi, au kuandika karatasi ya sanduku la maoni.

Hatua za kuchukua

Baba na mama waulize gharama zote mapema kliniki, waziandike kwenye simu, na atakayemsindikiza mama, awe dada, wifi au mama mkwe, azijue pia.

Ukiombwa hela, jibu kwa upole: “Sawa dada, nikalipe dirisha gani nipate risiti?” Swali hilo halimtukani mtu, na mara nyingi hela yenyewe husahaulika. Ukisumbuliwa, mwone kiongozi wa zamu, kisha mganga mfawidhi.

Ikishindikana, piga 113, namba ya bure ya Takukuru. Wengi huogopa kwa kuwa mgonjwa wao bado yuko kitandani. Taarifa inaweza kutolewa hata baada ya kuruhusiwa, na ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Pia kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Waulizeni kwenye mkutano wa mtaa au kijiji.

Baba aliyesimama nje ya wodi saa nane usiku hawezi kuishinda vita hii peke yake. Ndiyo maana maswali yaulizwe mapema, mchana, kliniki, mama akiwa bado anatembea mwenyewe.