Karibu Isimujamii: Utangulizi kwa Msomaji wa Burat

Msomaji wa Burat hana haja ya kufundishwa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na lugha nne. Amekua akiliona jambo hilo. Katika wadi hii ya Isiolo Kaskazini, Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wasomali na Wameru wameishi jirani kwa miaka mingi, mara wakioana, mara wakigombea malisho na maji hadi bunduki zikalia. Anachostahili kuambiwa ni kwamba maarifa hayo yana taaluma yake, isimujamii, na kwamba yeye anaingia humo na mtaji ambao wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hawana.

Swali la taaluma hii ni rahisi kulitamka: nani anasema nini, kwa nani, mbele ya nani, na anapata nini? Simama karibu na dalali wa mbuzi siku ya soko mjini Isiolo. Anamwamkia mzee wa Kisamburu kwa “supa”, anamgeukia mwenye mbuzi kwa “ejok” ya Kiturkana, kisha bei inatajwa kwa Kiswahili kwa sababu mnunuzi ametoka Nairobi na lori lake. Bei ikikwama, dalali humvuta mwenye mali kando, wakarudi kwenye Kiturkana, sauti chini. Mnunuzi anajua fika kwamba anasemwa, ila hajui anasemwaje. Carol Myers-Scotton, mtafiti aliyechota sana mifano yake kutoka Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sababu za kijamii za kubadili lugha kwamba kila lugha huja na haki na wajibu wake kati ya wasemaji. Anayehama lugha katikati ya mazungumzo, kwa hiyo, anataka uhusiano wenyewe upangwe upya. Dalali hajamsoma, lakini angeweza kumfundisha mengi.

Lugha inayopanga uhusiano hupanga pia nani anahesabiwa kuwa nani; kutoka hapo tunaingia kwenye suala la weusi, na hapa huwa nawasomesha wanafunzi waandishi wawili kutoka mbali. W.E.B. Du Bois, Mmarekani mweusi, aliandika mwaka 1903 juu ya mtu anayelazimika kujitazama kwa macho ya watu wanaomdharau, huku nafsi yake ikibaki na macho yake. Frantz Fanon wa Martinique alitoa kitabu mwaka 1952, na sura yake ya kwanza ilihusu lugha: kadiri mtu mweusi wa visiwa vile anavyokimudu Kifaransa, ndivyo anavyohesabiwa kuwa ameukaribia uzungu. Kijana wa Isiolo aliyerudi likizo na Sheng ya Nairobi, akachekwa nyumbani kwa lafudhi yake na kule mjini akachekwa kwa ile ya awali, anawaelewa waandishi hawa upesi sana. Halafu huuliza: mbona kwao dunia ni mbili tu?

Swali zuri. Isiolo yenyewe ina kisa kinacholifanya kuwa gumu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwaruhusu askari wastaafu wa Kisomali, wengi wao wa ukoo wa Isaaq (Waisaaq), kukaa hapa. Miaka ya 1930 sheria ya kodi ilipowatenga na Waasia, walikataa. Walidai wahesabiwe pamoja na Waasia, ingawa kodi ya Waasia ilikuwa kubwa zaidi. Naam, walipigania kulipa zaidi. Wanafunzi hucheka kwanza, kisha huwashutumu kwa kuukana Uafrika. Mimi nawasihi wasiharakishe. Chini ya ukoloni, rangi haikuwa ngozi tu. Ilikuwa fungu la kisheria: iliamua uende wapi, ukae wapi, ulazwe wodi gani, hata gerezani ule nini. Aliyeandikwa “mwenyeji” alibeba kipande na kufungiwa kwenye hifadhi ya kabila lake. Waisaaq walikuwa wanakimbia fungu hilo, na kodi ndiyo nauli waliyokuwa tayari kuilipa.

Uhuru ulipokaribia, mafungu yalibadilika majina. Wakazi wengi wa Mkoa wa Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Juni 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa; jina lake limebaki kwenye wadi ya jirani na kwenye barabara katikati ya Nairobi. Vita vya shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, viliendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa kaskazini hadi 1991. Si ajabu kwamba mtu akipanda basi la Nairobi, wazee bado husema anakwenda Kenya.

Sasa niseme ninachokiamini, na wenzangu wengine hawatakipenda. Taaluma yetu imependa mno kumsifu msemaji hodari, yule anayevuka mipaka kwa ulimi. Ulimi hufungua soko. Ofisi haufungui. Kwa miongo mingi kijana wa Kisomali wa Isiolo, mwenye Kiswahili safi kuliko karani aliyekaa mbele yake, ameomba kitambulisho na kuulizwa cha babu yake. Mwezi Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada kwa jamii za mipakani, na tangazo hilo linastahili kufuatiliwa na watafiti hadi dirishani. Mturkana aliyezaliwa Burat naye huambiwa kwao ni Lodwar, hata akiambiwa hivyo kwa Kiborana na akajibu kwa Kiborana. Kusema kama wenyeji si sawa na kukubaliwa kuwa mwenyeji.

Ukitaka kuendelea, anza na mwanaanthropolojia Günther Schlee. Kitabu chake cha 1989 kinaonyesha jinsi koo zilezile zinavyopatikana miongoni mwa Warendile, Wagabra, Wasakuye na Wasomali, na kitakuondolea haraka mazoea ya kudhani kila kabila lina lugha yake na mpaka wake. Kuhusu Sheng, msome Chege Githiora, 2018. Kisha viweke vitabu kando, nenda ukakae kwenye foleni ya ofisi ya usajili, usikilize ni nani anayeulizwa swali moja na ni nani anayeongezewa la pili. Omba ruhusa kwanza, na katika daftari lako usiandike jina la mtu yeyote.