Bajeti ya Muheza na Iliki Yangu

Mimi ni mkulima wa iliki na mdalasini huku Amani. Bajeti ikitajwa redioni, jirani hunipigia hodi: "Dada, mkoa umetupitishia sheria gani mwaka huu?" Hakuna. Mkoa wa Tanga hauna bunge lake. Una halmashauri 11, yetu ikiwa ya Wilaya ya Muheza, na ni madiwani wanaotunga sheria ndogo: za ushuru, usafi na faini zake.

Vipaumbele vya bajeti huanzia mkutano wa kijiji, vikapita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, mkoa, hadi bungeni Dodoma. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekumbuka zahanati mwezi Juni, gari limeshamwacha.

Jicho langu liko kwenye asilimia 10. Tangu 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge kiasi hicho cha mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024. Kikundi chetu kinataka maturubai ya kuanikia iliki na mzani wetu wenyewe, maana mizani ya wachuuzi, jamani, ina siri zake.

Ila mapato hayo yanatokana na ushuru pia. Gunia likiteremshwa Muheza usiku bila risiti, fungu la mikopo linapungua. Mkutanoni hilo hatulisemi. Tunadai tu mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu.