Faili Lisilobeba Sauti

Prodyuza wa Litapunga, mkoani Katavi, akitaka kumtumia mwenzake wa Mpanda mjini biti ya dakika nne yenye ubora wa CD, atatuma zaidi ya megabaiti 40, na bando litakata katikati ya safari. Biti hiyohiyo ikiwa MIDI yaweza isifike hata kilobaiti 100, kwa sababu MIDI haibebi sauti hata chembe. Inabeba maagizo tu: noti ipi ipigwe, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, iachiwe lini. Sauti hutengenezwa na kompyuta au kinanda kinachopokea. Ndiyo maana Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule California, Prophet-600 na Jupiter-6, vinanda vya kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, viliunganishwa kwa waya na kuelewana. Kwa studio isiyo na vifaa vya bei mbaya, huo ni mtaji: noti zinapangwa kijijini kwa kibodi ndogo, kisha zinavishwa sauti nzuri mjini bila kupigwa upya.

Wapo wanaolalamika kwamba MIDI imeua ngoma, kila biti imenyooka kama rula. Lawama hiyo inamwangukia asiyehusika. Kinachonyoosha ni amri ya kusogeza noti zikae kwenye mistari ya programu, na prodyuza anaweza asiiguse, au aiguse nusu. Singeli ya Dar es Salaam hutengenezwa kwenye kompyuta, nyingine kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, na hakuna anayeisikia akadhani imetoka Ulaya.

Hoja nzito zaidi ni ya zeze. MIDI ya kawaida inaigawa oktava katika noti 12, ilhali kidole cha mpiga zeze kinateleza katikati yake. Amri ya kupinda sauti ipo, ila inapinda noti zote za chaneli moja, yaani za chombo kimoja, kwa pamoja. Toleo la pili la MIDI, la mwaka 2020, linaweza kupinda noti mojamoja, lakini vifaa vingi bado ni vya toleo la kwanza. Hapo njia rahisi ni hii: zeze lirekodiwe kwa maiki, besi na ngoma za kompyuta zibaki MIDI. Na anayetuma aandike kasi ya wimbo na chombo cha kila chaneli, la sivyo filimbi yake itafunguka Mpanda ikiwa tarumbeta.