Ile Kitu Unatumia Kusachi Inaweza Pia Kukupigia Hesabu, Lakini Chunga Hiyo Top 10

Ukisachi "chapo" kwa app ya msosi na majibu yakuje kabla hujakopesa macho, usidhani kompyuta imesoma kila order saa hiyo. Kazi ilifanywa mapema. Kuna indeksi, kama ile ya nyuma ya kitabu cha shule: neno, halafu orodha ya mahali pote liko.

Hivyo ndivyo Elasticsearch hufanya kazi. Ilitolewa 2010 na jamaa anaitwa Shay Banon, na ndani yake kuna Lucene, kazi ya Doug Cutting ya tangu 1999.

Sasa cheki. Kama indeksi tayari inajua order gani ni za Nakuru, mbona ubebe data yote uipeleke system ingine ndio upige hesabu? Hesabia hapo hapo. Kando ya hiyo orodha, Lucene huweka pia data kwa safu: bei zote safu moja, town zote safu ingine. Ukiuliza Nakuru imeleta doo ngapi, orodha inachagua order, safu ya bei inajumlishwa. Basi.

Data ikiwa mob, inagawanywa vipande na kuwekwa kwa seva tofauti. Kila kipande kinahesabu yake na kutuma jibu fupi tu, halafu seva moja inaunganisha. Kwa jumla, bei ya juu kabisa na ya chini kabisa, hapo uko sawa.

Noma inaanza ukitaka top 10. Hebu tuseme uko na vipande vitatu, na kila kimoja kinatuma namba one na two pekee. Cha kwanza kinatuma pilau 50 na chapo 45. Cha pili, githeri 50 na mutura 45. Cha tatu, ugali 50 na samosa 45. Hakuna msosi hapo umeuzwa kwa kipande kingine. Lakini smokie ilikuwa namba three kila mahali, 40 kila kipande. Hiyo ni 120, ndio mshindi, na haiko kwa chart kabisa!

Elasticsearch inajua hii shida. Ukiitisha top 10, kila kipande hutuma 25 bila wewe kuambia. Tena order husambazwa kwa vipande bila mpango, so vitu vinauza sana huwa haziponyoki. Zenye hukuchezea ni zile ziko karibu kulingana, ama ukizipanga data kwa town, kila town na kipande chake.

So kabla umwage doo kwa stock juu ya chart, muulize mtu wa data maswali mbili: kila kipande kilituma ngapi, na kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani? Hiyo ya pili Elasticsearch huituma pamoja na jibu. Wengi hawaiangalii.